Gego la Mwisho na Siku Zinazolifuata

Mhadhara kwa wananchi wa Mwanza, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, 20 Machi



Nianze na kijana mmoja wa dagaa. Alinijia asubuhi na mapema akitokea kambini kisiwani, khanga ya mkewe imemzunguka kutoka kidevuni hadi utosini, shavu la kulia limejaa kama aliyeficha kiazi ndani. Nilimwomba afungue mdomo. Mtu mzima mwenye afya huingiza vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya juu na ya chini. Kwake kiliingia kimoja, tena kwa kusukuma.

"Shikamoo, daktari," alisema bila kuachanisha meno. "Hili limenianza tangu giza lililopita."

Ninyi wa Kirumba, Kayenze na Igombe mmeshamwelewa. Kwa mvuvi wa dagaa giza ndiyo kazi: usiku usio na mwezi taa huvuta dagaa juu, na mbalamwezi ikiwaka taa hupoteza nguvu, mitumbwi inavutwa ufukweni na watu wanashona nyavu. Kijana huyu alikuwa akiniambia kwamba amekaa na maumivu giza zima, kwa sababu giza ndilo linalolisha nyumba yake. Alikuja mbalamwezi ilipompa ruhusa.

Jino lenyewe lilikuwa gego la mwisho la chini, upande wa kulia. Ndilo ninalotaka tulizungumze leo, na zaidi nizungumzie siku zinazofuata likishatoka. Wengi wenu mnaogopa koleo. Mimi, kwa miaka niliyoifanya kazi hii, nimejifunza kuogopa siku ya tatu.

Tunaliita jino la hekima, na wengine jino la akili kama wasemavyo Waarabu. Waturuki huliita jino la miaka ishirini. Wajapani wana jina linalonigusa kuliko yote: jina lao lina maana ya jino wasilolijua wazazi, kwa kuwa hutoka mtoto amekwisha kuwa mtu mzima na mzazi hayupo tena kuliona. Kwa kawaida huchomoza kati ya miaka 17 na 25, moja kila pembe ya kinywa. Si kila mtu anayo yote manne. Watafiti Carter na Worthington walipokusanya tafiti za nchi nyingi, na kuchapisha matokeo mwaka 2015 na 2016, waliona kuwa takribani mtu mmoja kati ya watano hakuumbiwa angalau moja kati ya hayo manne, na takribani mmoja kati ya wanne analo lililokwama ndani ya taya.

Kwa nini likwame? Majibu mengine yako karibu nasi. Ukitoka Mwanza ukapita Magu, ukaikata Serengeti kuelekea mashariki, unafika Oldupai. Tarehe 17 Julai 1959 mtafiti Mary Leakey aliona pale meno mawili makubwa yakichungulia kutoka ardhini, na kutokana na meno hayo likapatikana fuvu ambalo dunia ililiita Zinjanthropus, la miaka ipatayo milioni 1.75. Magego yake ni mapana ajabu. Jambo ninalolipenda mno katika fuvu hilo ni kwamba magego yake ya mwisho yalikuwa ndiyo kwanza yanatoka. Alikuwa kijana, umri wa wale ninaowapokea kila wiki, ila taya lake lilikuwa na nafasi ya kutosha. Huyo si babu yetu wa moja kwa moja, ni ndugu wa pembeni katika ukoo mrefu. Lakini babu zetu wenyewe nao walikuwa na taya kubwa kuliko letu.

Taya hukua kwa kurithi na kwa kazi pia. Mtoto anayetafuna vitu vigumu huutumikisha mfupa, na mfupa unaotumikishwa huongezeka. Wahadzabe kule Ziwa Eyasi hutafuna mizizi yenye nyuzi nyingi na kuzitema nyuzi wakimaliza utamu wake. Hapa kwetu Usukumani bibi zetu walitupa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikawa vikavu kama mti. Mtoto alikwenda kuchunga na vipande vitatu mfukoni, akarudi jioni bado anatafuna cha mwisho. Leo mtoto huyohuyo anapewa mkate wa chai na maandazi. Sisemi kwamba matobolwa yatamwokoa kila mtu na kisu cha daktari, maana urithi una nguvu zake, na hata bibi wengine waliteseka na magego haya. Ila taya fupi na chakula laini vinakwenda pamoja, na mwaka 2011 mtafiti Noreen von Cramon-Taubadel alionyesha hivyo alipolinganisha mataya ya jamii za wawindaji na za wakulima kutoka sehemu mbalimbali za dunia.

Gego likikosa nafasi hulala. Mara nyingi huinama mbele na kuligonga jirani yake, nusu yake ikiwa chini ya ufizi na nusu nje. Ule ufizi unaolifunika nusu huwa kama kifuniko cha sufuria kisichokaa sawasawa: ugali huingia, mate huingia, bakteria wanaopenda pasipo na hewa wanapata nyumba. Mswaki haufiki. Siku moja kifuniko kinavimba, jino la juu linakigonga kila ukifunga mdomo, kinazidi kuvimba. Unapata ladha mbaya, harufu, maumivu yanayopanda sikioni, na misuli ya kutafunia inakaza. Ndiyo hali aliyokuja nayo kijana wangu.

Taya kukaza si habari ngeni kwenye ziwa hili. Wazee wa Kijaluo, wa Rorya na wa ng'ambo Kenya, walikuwa na desturi ya kuwang'oa vijana meno sita ya mbele ya chini. Ilikuwa alama ya kuingia utu uzima, na moja ya sababu zinazosimuliwa ni hii: mtu akishikwa na pepopunda na meno yakafungana, uji upate pengo la kupitia. Ninaposimuliwa hivyo sicheki wala sidharau. Watu hao walikwisha kuona mtu akifa njaa huku chakula kiko mbele ya midomo yake, wakatafuta njia.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Mizizi ya gego la mwisho la chini hushuka chini kuliko mahali unaposhikamana na taya ule msuli unaobeba sakafu ya kinywa. Kwa hiyo usaha wake una njia ya kwenda shingoni. Daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig alilieleza tatizo hilo mwaka 1836: uvimbe mgumu chini ya kidevu pande zote mbili, ulimi unainuliwa juu, mgonjwa anashindwa kumeza mate yake na yanamtoka, sauti inabadilika, pumzi inabana. Njia ya hewa inaweza kuziba ndani ya saa chache. Ukiona dalili hizo usitafute kidonge dukani wala usimlaze chali. Mwache aketi, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, iwe Sekou Toure, iwe Bugando, popote palipo na watu wa kumsaidia kupumua. Watu wa Sengerema wanaijua hofu ya kukaa Busisi usiku na mgonjwa mkisubiri kivuko. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limeiondoa hofu hiyo kwao. Ukerewe bado ni meli, saa tatu hivi kutoka Nansio, kwa hiyo mtu wa visiwani anapaswa kuondoka mapema kuliko mtu wa Igoma. Asingoje ashindwe kumeza.

Je, kila gego la mwisho ling'olewe? Hapana. Uingereza, kupitia taasisi yao ya NICE, ilitoa mwongozo Machi 2000 kwamba gego lililokwama lakini halina ugonjwa lisitolewe kwa tahadhari tu, kwa kuwa upasuaji nao una madhara yake. Wako wataalamu wanaopinga, na hoja zao zina uzito: gego lililoinama laweza kuliozesha jirani yake taratibu. Msimamo wangu ni huu. Gego lililokaa wima, linalosafishika, lisilouma, liacheni. Lililovimba ufizi mara mbili au tatu, lililooza mahali pasipozibika, linaloharibu la pembeni au lenye uvimbe wa maji kwenye mfupa, litoke. Tena litoke wakati limetulia, kabla halijawaka tena.

Kabla ya siku yenyewe, mweleze daktari mambo yako yote. Kanda yetu ya Ziwa ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa wa selimundu nchini, na mgonjwa wa selimundu akikaa na maambukizi, njaa na kiu kwa sababu mdomo unauma, anaweza kuangukia kwenye shambulio la maumivu ya mwili mzima. Anahitaji maandalizi na maji mengi. Mwenye kisukari kisichotulia kidonda chake huchelewa. Mwenye tatizo la vali za moyo huenda akahitaji dawa kabla hajaguswa. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu aseme, na mjamzito aseme.

Kiti hakina mengi ya kueleza. Utapigwa picha ya eksirei ili tuone mizizi iko umbali gani na mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini, ule unaoleta hisia za mdomo na kidevu. Utachomwa sindano ya ganzi, na baada ya dakika chache nusu ya mdomo itakuwa nzito kama si yako. Ukisikia maumivu, inua mkono, tutaongeza ganzi. Kubanwa na kusukumwa utakuhisi, hakuna ganzi inayozuia hilo. Ufizi unafunuliwa, mfupa kidogo unapunguzwa huku maji yakimwagiliwa usipate moto, na mara nyingi jino linakatwa vipande viwili au vitatu. Kuna mlio utakaousikia ndani ya kichwa chako pale linapogawanyika, kama kuni kavu inavyopasuka. Mwambieni mgonjwa mapema kuhusu mlio huo. Nimeona watu wazima, wavuvi waliokwisha kupigwa na mawimbi ya Julai, wakishtuka kuliko walivyoshtuka kwa sindano, kwa sababu tu hawakuambiwa. Halafu nyuzi, gozi, basi.

Wengi hudhani hapo kazi imekwisha. Ndipo inapoanza.

Tazameni kilichobaki. Pale palipokuwa na jino pana shimo mfupani, na ndani ya dakika chache linajaa damu, damu inaganda. Bonge hilo jeusijeusi, laini kama maini, ndiyo dawa yenyewe. Linafunika mfupa ulio wazi na miisho ya neva. Ndani yake mwili unaanza kusuka nyama changa, ufizi unafunga juu yake kwa wiki chache, na mfupa unalijaza shimo kwa miezi. Kila nitakalowaambia kuanzia hapa lina shabaha moja, kulilinda bonge hilo.

Uma gozi kwa nguvu ya kawaida, nusu saa hadi saa nzima, bila kuitoa kila dakika mbili kuangalia. Mate yenye rangi ya damu siku ya kwanza ni kawaida, maana tone moja hupaka rangi mate mengi. Yameze. Sisi tuna mazoea ya kutema, mtu aking'olewa jino anatema njia nzima kutoka hospitali hadi stendi ya daladala, na kila kutema ni kulivuta bonge. Vivyo hivyo kunyonya soda kwa mrija, kuvuta sigara, kufyonza muwa. Damu ikijaa mdomoni, kunja gozi safi au mfuko wa majani ya chai uliolowanishwa kwa maji safi, uma tena nusu saa ukiwa umeketi. Isipokata, rudi.

Meza dawa ya maumivu kabla ganzi haijaisha, ambayo kwa kawaida hudumu saa mbili hadi nne. Parasetamoli na ibuprofeni kwa pamoja huwatosha wengi, ila mwenye vidonda vya tumbo asiguse ibuprofeni wala diklofenaki bila kuuliza. Aspirini usiisage na kuiweka kwenye ufizi. Inauunguza, nimeona kidonda cheupe kikubwa kuliko kile cha upasuaji. Tumbaku nayo isiwekwe. Kuhusu antibiotiki, si kila aliyetolewa jino anaihitaji, na vidonge vinne vya amoksilini vilivyonunuliwa rejareja havikutibu, vinawafundisha bakteria tu. Ukiandikiwa, maliza. Ukiandikiwa metronidazoli, pombe ikae mbali mpaka siku mbili baada ya kidonge cha mwisho.

Siku ya kwanza usisukutue kabisa. Weka kitu cha baridi shavuni kwa dakika kumi, toa, weka tena. Chupa ya maji kutoka kwenye friji iliyozungushiwa kitambaa inafaa. Lala kichwa kimeinuliwa. Kesho yake ndipo maji ya chumvi yanaanza: kijiko cha chai nusu hadi kimoja kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, baada ya kila mlo. Jaza mdomo, inamisha kichwa polepole huku na huku, kisha fungua mdomo maji yaanguke yenyewe. Na maji hayo, ndugu zangu wa mialoni, yawe yamechemshwa. Msichote ziwani mkatia chumvi.

Uvimbe utaongezeka siku ya pili na ya tatu kabla haujaanza kupungua. Usitishwe nao. Mdomo utakuwa mgumu kufunguka, shavu laweza kuwa na rangi ya manjano au zambarau.

Chakula je? Uji wa ulezi au mtama, usiwe wa moto. Mtindi. Viazi vitamu vilivyopondwa kwa maziwa. Supu ya sato iliyochujwa, kwa sababu mwiba mmoja ndani ya shimo ni balaa. Dagaa wasage wawe unga, utie kwenye uji, upate nguvu. Ugali laini kwa mlenda, siku ya tatu au ya nne, unateremka wenyewe. Wali una tabia ya kuacha punje kwenye shimo, bisi na karanga ndiyo kabisa, na pilipili ingoje. Kuna mama mkwe mmoja wa Buzuruga ambaye simtaji jina. Alikuwa akimpikia mkwewe uji, anaupoza kwa kuumimina kutoka kikombe hadi kikombe, kisha anautia tone mkononi mwake kama anavyofanya mtu anayemlisha mtoto mchanga. Mdomo wenye ganzi hausikii moto. Mama yule hakufundishwa na yeyote.

Sasa siku ya tatu. Nilikuwa mwanafunzi nilipotolewa gego langu la chini kushoto. Nilikwisha kusoma vitabu, nikaambiwa na aliyenitoa nisisukutue. Jioni ileile ladha ya damu ilinichukiza, nikasukutua maji ya moto ya chumvi kwa nguvu zangu zote, mara nne, mpaka yakatoka meupe. Nililala vizuri. Siku ya pili nikajisikia nimepona, nikarudi darasani. Siku ya tatu usiku niliamka na maumivu ambayo sikuyajua hapo kabla: yalianzia shimoni, yakapanda sikioni, yakaenda hadi kwenye kipaji cha uso, yanapiga kama ngoma, na parasetamoli ikawa kama maji. Nilijiangalia kwa kioo na tochi. Shimo lilikuwa tupu. Mfupa ulionekana chini, wa kijivu. Bonge lote nilikuwa nimelitema kwenye beseni.

Hilo ndilo shimo kavu. Mmarekani Crawford alilieleza mwaka 1896, na mpaka leo huwapata zaidi waliotolewa magego ya chini, wavuta sigara, na wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Dalili yake ni hiyo: maumivu yaliyokuwa yanapungua yanarudi kwa ukali kati ya siku ya pili na ya nne, pamoja na harufu mbaya. Hutakiwi kuvumilia. Rudi. Tutaliosha shimo kwa maji ya chumvi, tutaweka dawa yenye mafuta ya karafuu, na mara nyingi nafuu huja kabla hujainuka kitini. Ndiyo, karafuu ileile ya Pemba na Unguja. Nilipowekewa mimi, harufu ile ilinijia puani nikakumbuka pilau ya Idi, nikalia, wala si kwa maumivu.

Kurudi kwingine ni kwa homa, uvimbe unaokua baada ya siku ya tatu, usaha, au ganzi ya mdomo au ulimi isiyoisha kesho yake. Ganzi hiyo hutokea pale neva inapoguswa, na kwa wengi hurudi kwa wiki au miezi. Anayeiona aseme mapema ili afuatiliwe.

Kijana wa dagaa hatukumtoa jino siku ile. Taya lililofungana na ufizi uliowaka havipasuliwi kwa haraka. Tuliosha chini ya kile kifuniko, tukampa dawa, akakaa kwa shangazi yake Igogo siku tano, ndipo tukalitoa. Nilimkataza kasia na kuvuta nyavu kwa wiki nzima, kwa kuwa nguvu zile hupandisha damu kichwani na kidonda hufunguka akiwa katikati ya maji, mbali na mtu wa kumsaidia. Alinitazama kama niliyemnyang'anya mtumbwi.

Siku ya saba alirudi kutolewa nyuzi. Khanga haikuwepo. Nilimwambia afungue mdomo, akaingiza kidole kimoja, cha pili, akasita, kisha cha tatu kikapita. Akavitoa, akavifuta kwenye suruali, akaniuliza giza linaanza lini. Tukaihesabu kalenda ya ukutani pamoja, mimi na yeye. Zilikuwa zimebaki siku mbili.